Chafya Kumi na Moja Kabla ya Kahawa

Ukitoka sokoni Migori ukashika barabara ya kwenda Isebania, kabla hujafika kwa wauza mabati, utaona benchi la mbao ambalo Mzee Hamud alilinunua kwenye mnada wa zahanati iliyofungwa. Mgongoni mwake maandishi bado yanasomeka vizuri: WAGONJWA WA NJE. Mzee Hamud alikuja kutoka Lamu miaka thelathini iliyopita kuuza vitambaa, vitambaa vikamshinda, akabaki na dele la kahawa na jiko la makaa. Maandishi yale hajayafuta kwa sababu, asemavyo, hajawahi kumwona mteja wake aliyekamilika. Hapo ndipo watu watatu wanne hukutana kila asubuhi kuirekebisha dunia kwa vikombe vidogo vya kahawa chungu, kila mmoja akiwa na jina ambalo mama yake hakumpa. Alhamisi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mapaa, malori ya mpakani yalikuwa yakipita taratibu yamewasha taa, na fundi Sekunde alikuwa akipiga chafya ya saba.

Sekunde ndiye Bichage, fundi wa saa na simu, mtu wa miaka hamsini na mitatu, mpole, mwenye vidole vyembamba. Meza yake ya kioo iko hatua mbili kutoka kwenye benchi, kwa hiyo hufanya kazi na kupiga soga kwa wakati mmoja. Chafya zake ni za asubuhi tu. Humwanza anapofumbua macho kitandani, humsindikiza njiani, hufika naye kijiweni, na ikifika saa nne huwa zimekwisha kabisa. Wenzake huzihesabu. Ile ya saba iliirusha skrubu ya saa ya mama mmoja mgeni aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi akisubiri, skrubu yenyewe ndogo kama mbegu ya sukuma wiki, na Bichage akapiga magoti kuitafuta vumbini huku machozi yakimtiririka.

— Nane, — akasema Mzee Hamud, akimimina kahawa. — Pole, mwanangu.

— Samahani, mama, — Bichage alimwambia yule mgeni kutoka chini ya meza. — Nitaipata.

— Taratibu tu, baba. Sina haraka, — akajibu mgeni. Jina lake lilikuwa Ayesha. Alikuwa amefika kutoka Malindi mwezi ule kufungua duka la mapazia ng'ambo ya barabara, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa pale.

Bichage aliipata skrubu kwa sumaku, akarudi kwenye kigoda chake, na dunia ikasogea mbali kidogo. Alfajiri alikuwa amemeza tembe mbili za manjano alizopewa na rafiki yake, zile za zamani za mafua ambazo hukausha pua kidogo na kulegeza kope sana. Sauti za watu zilimfikia kwa kuchelewa. Mishale ya saa zilizotundikwa mbele yake ilikuwa ikitembea kwa ulaini ambao hakuwa ameuona zamani, na kwa muda alisahau ni ipi kati yake iliyokuwa inasema kweli. Hakukasirika. Ilikuwa starehe, kwa namna yake, kukaa hivyo ndani ya ukungu wako mwenyewe wakati na mji nao uko ndani ya ukungu wake.

Kuna jambo ambalo benchi halikulijua. Katika chumba chake cha kupanga huko Oruba, Bichage alikuwa akilalia mto ambao haukuwa umefuliwa tangu mke wake afariki, miaka miwili na miezi mitatu iliyopita. Mong'ina alikuwa akiuza ndizi mbivu. Jioni alirudi na harufu ya ndizi, na moshi, na mafuta ya nazi ya nywele, akajilaza, na Bichage akapata usingizi hapo hapo. Baada ya mazishi aliubakiza mto. Wiki za mwanzo alikuwa akiuzamisha uso humo na kusikia harufu yake, au akidhani anaisikia. Halafu chafya zikaanza, pua ikaziba, na tangu hapo hajasikia kitu, si mto, si sabuni, si samaki wa sokoni.

Wiki mbili zilizopita alikwenda hospitali. Tabibu kijana aitwaye Pauline alimtazama puani kwa tochi, akamwambia si mafua, ni mzio. Kuna vidudu, alimweleza, vidogo hata jicho halivioni, vinaishi kwenye magodoro na mito ya zamani, na taka zake ndizo zinazokuchokoza ukilala. Kisha akamuuliza mto wake una umri gani. Bichage, mtu ambaye hajawahi kumdanganya mteja hata juu ya betri, alijibu kwamba ni mpya. Aliogopa. Aliona kwamba siku atakayoutia mto ule kwenye maji ya moto ndiyo siku Mong'ina atakapokwisha kabisa.

— Tisa, — akasema Mzee Hamud.

— Hiyo kitu inatoka Tanzania, — akasema Kastamu.

Kastamu ni Maroa, Mkuria anayebadilisha pesa kule Isebania siku za gulio na kushinda Migori siku nyingine. Ndiye mwenye zile tembe za manjano, na kwake hakuna jambo duniani ambalo halikuvuka mpaka.

— Aisee, nyinyi hamfikirii. Lori likivuka linasimamishwa, linafunguliwa, linaulizwa karatasi. Mimi nikivuka naulizwa. Upepo je? Nani ameuliza upepo? Unapita hapo Sirare na vumbi lote la huko, hakuna hata askari mmoja wa kusema simama. Halafu unakuja unaingia kwa pua ya mtu mpole.

— Na kwa nini usiingie kwa yako? — akauliza Mzee Hamud.

— Mimi upepo unanijua. Navuka kila wiki, tumezoeana. Yeye Sekunde anakaa Migori tu kama mti. Ushauri wangu ni huu: kila asubuhi apige chafya akiangalia kusini. Airudishe kwao.

— Acha hizo, Kastamu, — akasema Karati.

Karati ni Ken, kijana wa Nyatike aliyechimba dhahabu Macalder miaka sita na kutoka huko na kikohozi, jina la utani na simu moja nzuri iliyokuwa, wakati huo, imefunguliwa matumbo juu ya meza ya Bichage.

— Omera, mimi nimekaa kwenye vumbi kuliko nyinyi wote. Wacha niwaambie. Kule kwa mashine ya kusaga mawe, unga unapaa unakuwa kama wingu. Huo unga uko na dhahabu. Ndogo, ndogo, lakini iko. Na hilo wingu linaenda wapi? Linakuja huku. Watu wa Migori wote wanapumua dhahabu kila siku na hawajui. Sasa pua ya kawaida haijui kutofautisha. Lakini pua ya fundi saa, buda, hiyo imezoea vitu vidogo. Inaijua. Inaikataa.

— Kwa hiyo Sekunde anapiga chafya ya dhahabu, — akasema Mzee Hamud polepole.

— Mimi nasema tu asifue leso zake. Aziweke. Mwisho wa mwaka tunazichoma, tunasafisha jivu kwa karai, tunaangalia.

Bichage alicheka, akapiga ya kumi ndani ya kicheko. Aliwapenda watu hawa. Katika hali ile ya kusinzia alijiona anatembea kwenye barabara ya Macalder asubuhi na mapema, hewa yote ikiwa inametameta, na kila mtu anayekutana naye ana unga wa dhahabu juu ya mdomo na hajui. Mong'ina alikuwa mmoja wao. Alikuwa amebeba karai la ndizi na hakumtazama.

— Wallahi nyinyi mnazungumza vumbi vumbi, — akasema Mzee Hamud. Alikuwa ameacha kumimina, na akiacha kumimina huwa anasema kwa dhati. — Mimi nimemsikiliza huyu bwana mwaka wa pili sasa. Chafya zamjia asubuhi, mara tu akiamka. Mchana hana kitu. Jioni hana kitu. Sasa niambieni, mtu anapoamka anatoka wapi?

— Kitandani, — akasema Karati.

— Ndotoni. Anatoka ndotoni. Na ndoto, kama haikwisha, haina pa kukaa. Lazima itoke. Wengine huwatoka kwa kinywa, wakasema maneno. Wengine kwa miguu, wakatembea. Huyu zamtoka puani. Chafya kumi ni ndoto kumi zilizokatwa katikati.

— Sasa hizo zinatibiwaje, jaduong'? — akauliza Karati, na hakuwa na mzaha tena.

— Hazitibiwi. Alale zaidi, azimalize.

Kastamu alifungua mdomo kusema kitu juu ya ndoto zinazovuka mpaka, lakini chafya ya kumi na moja ikamwahi. Hii ilikuwa kubwa. Bichage alivuta leso mfukoni kwa haraka, na pamoja na leso ikatoka karatasi iliyokunjwa mara nne, ikaanguka miguuni pa Karati. Karati akaiokota, akaikunjua, na kwa kuwa hakuwa na simu ya kusoma asubuhi hiyo, akaisoma hiyo.

— Hii ni ya hospitali. Buda, ulienda hospitali na hukusema?

— Nipe hiyo, Ken.

— Ngoja. Imeandikwa kwa Kiswahili safi. “Moja. Osha pua kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni. Maji yawe yamechemshwa na kupoa.” Unafanya?

— Nafanya, — akasema Bichage. — Hiyo nafanya.

— “Mbili. Tembe moja ya mzio kila jioni.”

— Ziliisha. Nikachukua za Maroa.

— Hizo zangu ni nzuri, — akasema Kastamu.

— Hizo zako zinamlaza mtu akiwa ameshika bisibisi, — akasema Mzee Hamud. — Tangu saa moja amefungua simu ya Ken mara mbili akaifunga mara tatu.

— “Tatu. Dawa ya kupuliza puani, kila siku bila kuruka. Nafuu huanza baada ya siku kadhaa, na huenda ikachukua wiki mbili au zaidi kukamilika.” Umepuliza siku ngapi?

Bichage alijikuna shingo.

— Siku nne. Sikuona kitu. Nikaacha.

— Siku nne.

— Ilikuwa inapita tu kooni. Chungu sana.

— Hebu tuonyeshe ulivyokuwa unapuliza.

Bichage akainua uso mpaka akawa anaangalia mapaa, akaziba tundu moja la pua, na kwa lile jingine akavuta hewa kwa nguvu zote kama mtu anayetaka kuimeza mbingu. Kastamu alipiga paja.

— Hivyo ndivyo babu yangu alivyovuta ugoro.

— Hapa wamesema uinamishe kichwa mbele kidogo, — akasoma Karati, — uelekeze pembeni, upande wa sikio, si katikati, halafu uvute polepole kama mtu ananusa ua. Buda, wewe dawa yote uliimeza. Tumbo lako sasa halina mzio hata kidogo.

Walicheka wote, hata mama Ayesha mwisho wa benchi, na Bichage akacheka nao, akidhani yamepita. Karati akageuza karatasi.

— “Nne. Shuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Mto wa zamani utupwe.” Hapa huyo daktari amepigia mstari mara mbili. Umetupa mto?

Bichage alishika kibano, akakiweka, akakishika tena. Lori lilipita, na likaonekana kuchukua muda mrefu kupita, gurudumu baada ya gurudumu, na lilipokwisha kupita watu wote wanne walikuwa bado wanamtazama. Pengine ni zile tembe. Pengine alikuwa amechoka kuwa peke yake na jambo lile. Akawaambia. Aliwaambia yote, harufu ya ndizi na ya moshi na ya mafuta ya nazi, uongo aliomwambia tabibu, na jinsi anavyojilaza kila jioni akijua kabisa kwamba anaingia kwenye ugonjwa kwa miguu yake mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida.

— Nikiutupa, pua itafunguka, — alisema mwishoni. — Na ikifunguka, hakutakuwa na kitu cha kunusa. Nikiuweka, upo, lakini sina pua. Nimelifikiria hili jambo mpaka nimeshindwa.

Benchi lile lilikuwa limesikia habari za wizi wa ng'ombe na kura na mpira, lakini hakuna aliyewahi kuleta kitu kama hiki. Mzee Hamud alimwongezea Bichage kahawa ingawa kikombe kilikuwa kimejaa, ikamwagika kidogo kwenye sahani, wala hakuna aliyejali.

— Plastiki, — akasema Kastamu hatimaye, kwa sauti ya chini. — Aisee, unaufunga kwa plastiki nzito, unaukalia hewa yote itoke, unafunga kwa mpira wa tairi. Unauweka kwangu. Kwangu hakuna mtu ana mzio. Unakaa huko mpaka upone, halafu unakuja unafungua kidogo, unanusa, unafunga.

— Plastiki inanuka plastiki, — akasema Karati. — Ukifungua baada ya miezi miwili utanusa duka la ndoo. Baridi ndiyo inatunza. Kuna yule mama wa samaki pale sokoni, friji yake ni kubwa kama chumba.

— Samaki, Ken?

— Sawa, si ya samaki. Ya soda. — Karati alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti. — Lakini ngoja, ngoja. Macalder, dhahabu ikiwa unga huwezi kuishika na vidole. Unafanya nini? Unaweka zebaki. Zebaki inaizungukia, inaikusanya, inakuwa kidonge. Halafu unaichoma, zebaki inaenda na moshi, dhahabu inabaki. Kama kuna kitu cha kukamata dhahabu kwa vumbi, lazima kuna kitu cha kukamata harufu kwa mto. Hatujakijua tu. Watu wa manukato wanakijua.

— Halafu unaichoma, — akasema Kastamu.

— Unaichoma kidogo kidogo, inabaki tone. Tone moja la Mama Mong'ina kwenye chupa. Analivaa shingoni.

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa wazo la kichaa, na wote walitamani liwe kweli. Bichage alikiona kile kichupa, kidogo kama betri ya saa ya mkononi, na tone la rangi ya asali likitembea ndani yake kila anapoinama kazini.

— Mama yangu, — akasema Mzee Hamud, — alifariki nikiwa na miaka ishirini na mbili. Dada zangu walichukua kanga yake ya mwisho, ile aliyoifukizia udi Ijumaa yake ya mwisho, wakaitia kwenye sanduku la mvule, wakafunga kwa ufunguo. Kila Idi twakutana, twafungua, kila mtu ananusa mara moja, twafunga. Mwaka huu ni wa thelathini na tisa.

— Na bado inanukia? — akauliza Bichage. Ndilo swali aliloliuliza kwa nguvu kuliko yote asubuhi ile.

Mzee Hamud alitazama makaa.

— Yanukia sanduku, mwanangu. Lakini twanusa.

Bichage aliinamisha kichwa. Moyo ulimuuma waziwazi, na hakujaribu kuuficha. Kastamu alimwekea mkono begani, akaanza kumweleza kwamba harufu ya mtu kwenye mto huishi miaka saba, kwamba kuna mzee mmoja Kehancha aliyelala na blanketi la baba yake mpaka akapata wajukuu, na Karati akasema si saba, ni zaidi, kwa sababu harufu haitoki, inaingia tu ndani zaidi, na ukiukata mto katikati utaikuta imekaa pale kwenye moyo wake, safi kama siku ya kwanza. Mzee Hamud akasema basi wasiukate ovyo, watafute mtu mwenye pua kali, mjamzito kwa mfano, amnusie. Wakaanza kuhesabu wajawazito wanaowajua mtaani. Walifika wa tatu.

— Samahani, — akasema mama Ayesha.

Wote wakageuka. Walikuwa wamemsahau kabisa.

— Mimi ni mgeni, mtanisamehe. Nauliza tu. Huo mto, baba, ulijuaje ni wake?

— Ulikuwa kitandani kwetu, — akasema Bichage.

— Kitanda cha watu wawili?

— Ndiyo.

— Na mto ulikuwa mmoja?

Bichage alimtazama. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka juu ya mapaa, na jua lilikuwa likiingia barabarani kwa vipande. Usingizi wa tembe ulimtoka wote kwa mara moja, akahisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

— Ilikuwa miwili, — akasema.

— Inafanana?

— Aliishona yeye mwenyewe. Wiki moja. Sufi moja ya kujazia, kitambaa kimoja, cha maua ya bluu.

Na akawaeleza, polepole, kwa sababu na yeye alikuwa akiikumbuka siku ile kwa mara ya kwanza vizuri. Ilikuwa siku ya kugawa nguo za marehemu. Shemeji zake walikuja kutoka Isebania, mkubwa wao Emmah akiwa mbele, wakatoa kila kitu nje kama ilivyo desturi, wakakirundika juu ya majani: magauni, leso, sweta, shuka, vyote pamoja. Watu walikuwa wengi. Kila mmoja aliyestahili aliitwa kwa jina, akachukua fungu lake, akalia, akarudi kukaa. Yeye hakuwa na fungu kwenye ugawaji ule. Akapita karibu na rundo kama mtu anayeenda msalani, akachomoa mto, akauweka chini ya koti, akaenda kuuficha jikoni nyuma ya gunia la ndizi. Ule mwingine aliondoka nao Emmah.

— Ulichomoa upi? — akauliza Kastamu.

— Uliokuwa karibu na mkono.

— Na hukunusa? — akauliza Karati. — Pale pale tu, hukunusa kidogo?

— Nilikuwa nimelia siku nne, Ken. Pua ilikuwa imeziba.

Kastamu alitaka kusema kwamba kulikuwa na dalili, lazima kuna dalili, doa, uzi uliolegea, upande uliolaliwa zaidi. Aliinua kidole, akakishusha. Karati alikunja ile karatasi ya hospitali mara nne kama alivyoikuta, akaiweka juu ya meza ya kioo. Mzee Hamud alikamata dele kwa mikono miwili na kulishikilia tu.

Mama Ayesha alishusha macho.

— Sikukusudia, baba.

— Hapana, mama. Umeuliza vizuri.

Bichage alikuwa akimwona Emmah huko Isebania. Alimwona akiuanika mto wa maua ya bluu juu ya uzio, siku ile ile aliyofika nao, kwa sababu Emmah hufua hata visivyo vichafu. Kama ule ndio uliokuwa wa Mong'ina, basi harufu yake ilikwenda na maji ya sabuni kitambo, mchana kweupe, na hakuna aliyejua, na yeye kwa miaka miwili alikuwa akilia kila jioni ndani ya jasho lake mwenyewe. Alingoja uchungu umjie. Ulimjia, na nyuma yake kikaja kitu kingine ambacho hakukitarajia, mabega yakaanza kumtikisika, na wenzake hawakujua kama anacheka au analia, kwa kuwa alikuwa akifanya yote mawili.

— Mama Ayesha, — alisema alipopata pumzi. — Wewe unauza mapazia, unajua vitambaa. Sufi inafuliwa?

— Sufi haifuliwi, baba. Unaitoa, unaitupa. Foronya unaichemsha. Ikikauka unaijaza mpya, unashona.

— Na maua hayatoki rangi?

— Yatapauka kidogo tu.

Bichage akaitikia kwa kichwa. Akafuta macho, akafunga kisanduku chake cha vifaa, akavaa koti, ilhali saa zote zilizotundikwa zilisema ndio kwanza saa tatu.

— Unakwenda wapi sasa? — akauliza Mzee Hamud. — Kazi ya watu je?

— Kuchemsha maji. Kama ni wake, basi atakuwa ameoshwa na mimi, si mtu mwingine. Na kama ni wangu, Mong'ina aliniambia niufue tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, nikamwambia kesho.

Akamrudishia mama Ayesha saa yake, skrubu ikiwa imeshakazwa, akavuka barabara kwenda kununua makaa.